Mbona bomba la 316L linatoboka?

SWALI: Bomba letu la maji ya bahari ni la chuma kisichoshika kutu, gredi 316L. Limetoboka kwenye flanji (ukingo wa kuungia mabomba), chini ya gasketi (pete ya kuzuia uvujaji), ilhali kwingine linang'aa. Kwa nini?

JIBU: Hiyo ni kutu ya mwanya. Maji yaliyonaswa chini ya gasketi huishiwa oksijeni, kloridi hujikusanya, tindikali huzidi, na utando wa oksidi ya kromi unaokilinda chuma huvunjika. Kununua bomba nene zaidi ni kupoteza fedha tu. Badilisha gredi. Piga hesabu ya uwezo wa gredi kustahimili kutu hii: asilimia ya kromi, jumlisha molibdeni mara 3.3 na nitrojeni mara 16. 316L hufikia kama 24. Kwa maji ya bahari tafuta 40 kwenda juu, mfano gredi 2507. Kwa sasa, kila mkizima pampu kwa muda mrefu, mwageni maji yote, kisha suuzeni kwa maji yasiyo na chumvi.