Pombe nyeusi, vipande vya mwaloni na joto la Jinja

Nilipomuuliza seremala wangu hapa Jinja kama anaweza kunipatia vipande vya mwaloni vya kutia ladha kwenye pombe ninayotengeneza nyumbani, alinyoosha kidole upande wa ziwa. "Mzee, mwaloni si kule Masese?" Kwake mwaloni ni pale samaki wanaposhushwa. Mimi nilikuwa nautafuta mti, ule wa Ulaya na Marekani unaotengenezewa mapipa ya wiski. Vyangu aliniletea rafiki kutoka Uingereza, vidogo kama dadu, vimebabuliwa kwa moto. Tafadhali usiweke mabaki ya karakana badala yake: vumbi la mvule huwasha, na mbao nyingine zimepakwa dawa ya mchwa.

Lakini pombe yangu ya kwanza ya aina hii, nyeusi tititi kwa kimea kilichokaangwa, iliharibika kabla mti wowote haujaingia. Niliweka hamira, nikaiacha ndoo jikoni, chumba kikiwa nyuzi 26. Usiku wa pili kipimajoto nilichobandika ubavuni kilisoma 31, maana hamira ikila sukari nyingi hivyo hutoa joto lake yenyewe. Ikatoka pombe inayonuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, na kichwa cha kesho yake sikisemi. Nikafikiri mwaloni utaficha. Miezi minne baadaye nilikuwa na dawa ya kucha yenye harufu ya vanila.

Sasa ndoo naiketisha kwenye beseni la maji, naivisha taulo lililolowa, na asubuhi na jioni natumbukiza chupa za barafu ili isivuke 20. Siku tatu au nne za mwanzo silali vizuri; zikipita naiacha ipande kidogo imalizie. Friji siitegemei, umeme wetu mnaujua. Kwa lita 20 naweka pakiti mbili za hamira, na kabla ya hapo naitikisa ndoo hasa, kwani hamira inahitaji hewa mwanzoni. Baadaye hewa ni adui. Ya mwisho, kwa kipimo cha uzito wake ukilinganishwa na maji (maji ni 1.000), ilianza kwenye 1.096, ikatulia 1.026 baada ya wiki tatu, yaani kilevi kama asilimia 9. Kipimo kisipotulia usijaze chupa, zitapasuka.

Ikitulia naihamishia kwenye chupa kubwa ya kioo, hadi shingoni. Ndoo ya plastiki hupitisha hewa polepole, na kwa miezi mingi utavuna siki. Vipande ni gramu 30, vimeloweshwa kwenye wiski wiki mbili. Nilishajaribu waragi ya dukani, lakini ile ni pombe kali aina ya jini (gin), na viungo vyake vikagombana na ladha ya kahawa iliyomo kwenye kimea.

Kuanzia wiki ya tatu naonja kila Jumamosi, kijiko kimoja. Kwanza huja vanila, kisha ukakasi kama wa chai iliyosahauliwa jikoni. Ukianza tu kushika ulimi, naitenga pombe na vipande. Safari hii ilikuwa wiki ya saba. Mwaloni wa vibanzi vyembamba hutoa ladha kwa siku chache tu, nami siupendi: ukisafiri kwenda Kampala kwa matanga, umechelewa.

Wakati wa kujaza chupa naongeza hamira mpya kidogo, ile ya zamani imechoka, na gramu 100 za sukari. Kisha chini ya kitanda, kusubiri. Sisi tuliozoea malwa, pombe ya ulezi inayonywewa kwa mrija ingali inachacha, hapo ndipo tunaposhindwa. Shemeji alifungua moja mwezi wa pili tangu niziweke pale, bila kuniuliza, akasema ni dawa. Mwezi wa nane alirudi na glasi yake.