Kipandauso na mguu unaochelewa kusimama

SWALI: Mimi ni fundi cherehani. Siku kipandauso kinapoanza, naona kabisa kitambaa kimejikunja chini ya sindano, lakini mguu unaendelea kukanyaga. Juzi nusura nijishone kidole. Jirani anasema damu chafu imepanda kichwani, na ameniletea dawa ya kuisafisha. Je, ubongo wangu unaharibika?

JIBU: Hapana, fundi, na hakuna damu chafu iliyopanda kichwani. Kusimamisha tendo lililokwisha kuanza ni kazi kamili ya ubongo: sehemu yake ya mbele, hasa upande wa kulia, hupeleka amri kwenye viini, yaani vikundi vya seli za neva vilivyo ndani kabisa ya ubongo, navyo huuzuia mguu, yote hayo kwa takriban robo ya sekunde. Shambulio linapokuja, pengine hata siku moja kabla ya maumivu, wakati mtu anapiga miayo na kukasirika upesi, umakini hupungua na ubongo huwa mzito kuchambua ulichokiona, hivyo amri ya kusimama huweza kuchelewa. Hali hiyo hupita. Siku hizo fanya kazi za mkono, cherehani ipumzike.

Linaloniumiza ni hiyo dawa ya kusafisha damu. Kliniki huja wagonjwa wenye makovu ya chale juu ya nyusi, wengine wameshika chupa ya maji ya kahawia isiyoandikwa kilichomo, na kila mmoja huapa kwamba ilimsaidia mara ya kwanza. Shambulio la kipandauso lisipotibiwa kwa kawaida huisha lenyewe baada ya saa 4 hadi 72. Muuza chupa anajitwalia sifa ya kazi iliyofanywa na muda.

Vidonge vya dukani navyo vina mtego wake. Anayemeza dawa za kawaida za maumivu kwa siku 15 au zaidi kila mwezi, au zile za mchanganyiko, yaani kidonge kimoja chenye dawa zaidi ya moja, kwa siku 10 au zaidi, miezi 3 ikapita, huweza kuanza kuumwa kichwa kwa sababu ya dawa zenyewe, naye hudhani ugonjwa umezidi akaongeza vidonge, ilhali zipo dawa za kuzuia mashambulio, kama propranololi, ambazo daktari huzitoa baada ya kumpima. Na yeyote anayepatwa na maumivu makali ya ghafla yanayofikia kilele ndani ya dakika moja, au anayelegea upande mmoja wa mwili, asipelekwe kwa mchanja chale hata kidogo. Apelekwe hospitali saa ile ile.