Mabango ya "Zima Taa" hayajasaidia

SWALI: Nasimamia ofisi ya kampuni ya usafirishaji mizigo hapa Tanga. Tuna malori na jenereta. Wakubwa wametuagiza tupunguze hewa ukaa. Tumebandika mabango ya "zima taa", tukafanya na semina, lakini matumizi ni yaleyale. Tufanyeje ili wafanyakazi washiriki kweli? — Msomaji, Chumbageni

JIBU: Ndugu msomaji, msianzie kwenye taa. Kwenye kazi kama yenu, kikubwa ni dizeli na AC, na vitu hivyo viko mikononi mwa dereva, mlinzi na mhudumu, ambao aghalabu hawaitwi kwenye semina. Waiteni hao kwanza.

Mlinzi apewe daftari, asome mita ya LUKU ofisi inapofungwa jioni na kabla haijafunguliwa asubuhi. Uniti za jioni ukitoa za asubuhi, umepata matumizi ya usiku. Yakiwa makubwa, kuna AC iliyoachwa inanguruma mahali, azunguke aitafute. Umeme ukinunuliwa katikati, jumlisheni uniti hizo, la sivyo hesabu itawadanganya.

Dereva aandike lita na kilomita kila anapojaza tangi. Lita 1 ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, na lori linalosubiri foleni bandarini bila kuzimwa litajionyesha humo. Fundi wa jenereta afanye vivyo hivyo kwa saa na lita. Ila tafadhali sana, daftari lisigeuzwe fimbo. Dereva mmoja akikatwa mshahara kwa alichoandika, kuanzia hapo mtaandikiwa namba za kubuni.

AC zina jambo ambalo wengi hawalijui. Chumvi ya bahari hula mabomba ya mtambo wa nje, gesi ikavuja. Kilo 1 ya gesi aina ya R410A ikipotea hewani ni kama tani 2 za hewa ukaa, sawa na kuchoma zaidi ya lita 700 za dizeli! Fundi anayekuja kujaza tu kila baada ya miezi michache mkatalieni. Apake povu la sabuni kwenye maungio, aone panapovuja, azibe, ndipo ajaze.

Agizo la kuweka AC kwenye nyuzi 25 lianzie ofisi ya meneja. Yeye akikaa kwenye 18, agizo limekufa.

Mnapopima matokeo, linganisheni kaskazi na kaskazi ya mwaka uliopita. Februari na Julai hazilingani: tofauti mtakayoiona ni ya upepo wa kusi, si ya juhudi za watu. Fedha itakayookolewa itangazwe, na wafanyakazi wenyewe waamue sehemu yake itumikeje.