Maswali ya Wasomaji: Sikukuu za Ujerumani

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu amepata nafasi ya kusomea uuguzi nchini Ujerumani, lakini bado hajaambiwa atapangiwa mji gani. Nimesikia kwamba sikukuu za huko hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, na kwamba Krismasi yao huadhimishwa kabla ya tarehe 25. Je, ni kweli? Na Oktoberfest ndiyo sikukuu yao kubwa?

JIBU: Ndugu msomaji, uliyoyasikia kuhusu majimbo ni kweli. Ujerumani ni shirikisho la majimbo 16, na ukiiacha Siku ya Muungano ya tarehe 3 Oktoba, iliyowekwa na mkataba wa mwaka 1990, sikukuu nyingine za mapumziko huwekwa na sheria za majimbo yenyewe. Sikukuu tisa ni za nchi nzima. Zinazobaki hufuata zaidi historia ya dini ya kila eneo. Bavaria, yenye Wakatoliki wengi, hupumzika tarehe 1 Novemba, Siku ya Watakatifu Wote, ilhali Saxony na majimbo ya kaskazini hupumzika siku moja kabla yake, kukumbuka Matengenezo ya Kanisa, yaliyozaa Uprotestanti, aliyoyaanzisha Martin Luther mwaka 1517. Hata mji mmoja, Augsburg, una sikukuu yake peke yake, tarehe 8 Agosti.

Kuhusu Krismasi, binti yako ataanza kuiona tangu Majilio, yaani majuma yapatayo manne ya kuisubiri Krismasi, na kwa maoni yangu hiki ndicho kipindi kizuri kuliko vyote katika mwaka wa Wajerumani. Nyumbani huwekwa taji la matawi mabichi lenye mishumaa minne, na kila Jumapili huwashwa mmoja zaidi. Desturi hii huhusishwa na mchungaji Johann Hinrich Wichern wa Hamburg, ambaye mwaka 1839 alipanga mishumaa juu ya gurudumu la mkokoteni ili watoto wa makao aliyoyaongoza waweze kuhesabu siku zilizobakia. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba, watoto husafisha viatu vyao hadi ving'ae, wakaviacha mlangoni ili Mtakatifu Nikolao avitilie peremende, karanga na machungwa.

Kilele chenyewe ni jioni ya tarehe 24. Katika familia nyingi mlango wa sebule hufungwa, watoto wakasubiri nje mpaka kengele ndogo ilie, ndipo waingie na kuukuta mti umewashwa taa na zawadi zimepangwa chini yake. Chakula cha jioni hiyo mara nyingi ni cha kawaida kabisa, saladi ya viazi na soseji. Maduka hufungwa mapema siku hiyo, na tarehe 25 na 26 ni mapumziko, kwa hiyo anunue mahitaji yake mapema.

Oktoberfest ni tamasha la mji wa München, lililotokana na sherehe za harusi ya mwanamfalme Ludwig mwaka 1810. Si siku ya mapumziko, na huanza Septemba. Akipangiwa Köln, kitakachomgusa zaidi ni Karnivali, shamrashamra za kabla ya Kwaresima. Alhamisi kabla ya Kwaresima wanawake hukata tai za wanaume kwa mikasi, na Jumatatu inayofuata ofisi nyingi hufungwa ingawa sheria haiitambui siku hiyo kuwa sikukuu. Ijumaa Kuu, kinyume chake, ni siku ya utulivu, na majimbo mengi hukataza dansi za hadharani.

Kwa kuwa atafanya kazi hospitalini, afahamu kwamba wodi hazifungwi, na zamu za sikukuu kwa kawaida huwa na nyongeza ya malipo. Kinachohesabiwa ni kalenda ya jimbo la mahali pa kazi, hata kama yeye anaishi ng'ambo ya mpaka katika jimbo jingine.