Nilipunguzwa tumbo, huu mwaka wa tatu: jibu kwa dada wa Moshi mwenye kilo 118

Dada, umesema una miaka 34, sentimita 160, kilo 118, sukari imekusumbua tangu uzazi wa pili, na mumeo hataki kusikia habari ya kisu. Unauliza ufanye upasuaji au uweke puto, na maisha yanakuwaje baadaye. Naona waliokutangulia kukujibu, nusu wanakwambia unywe maji ya ndimu, nusu wanakwambia utafia mezani. Mimi hiyo meza nimeilalia. Niko Arusha, nina duka la vitenge. Nilikuwa kilo 127 kwa sentimita 163, leo nina 91.

Kwanza hesabu. BMI yako, yaani kilo zako ukizigawa kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ni 46. Zamani madaktari walitaka ufike 40, au 35 ukiwa na ugonjwa kama kisukari au presha. Mwongozo wa kimataifa wa 2022 umelegeza, 35 yatosha hata kama huna ugonjwa. Kwa hiyo kwenye vigezo umeshapita, hakuna wa kukurudisha kwa sababu hiyo.

Puto ni kitu kingine kabisa, wala si upasuaji. Linapitishwa mdomoni, linajazwa likiwa tumboni, linakaa kama miezi sita (yapo ya mwaka), halafu linatolewa. Huduma hiyo hapa nchini ipo, hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, wanaifanya. Rafiki yangu aliweka, akapungua kilo 14, likatolewa, na baada ya mwaka mmoja kilo 11 zikawa zimerudi. Simlaumu yeye wala puto. Ila kwa kilo zako na sukari yako, mimi naona puto ni kukodi nyumba wakati una hela ya kujenga.

Hela yenyewe sasa. Bima yangu haikugusa hata senti. Niliuza kiwanja cha Usa River, nikavuka Namanga kwenda Nairobi. Mama mzazi hakuniongelesha wiki mbili, si kwa sababu ya kisu, kwa sababu ya kiwanja.

Kabla ya kukatwa walinipima mpaka nikachoka: moyo, damu, kamera ya tumboni, hata namna ninavyokoroma. Kipimo kilichonikwaza hakikuwa na mashine. Mama mmoja wa saikolojia aliniuliza, "Ukiwa na hasira unakula nini?" Nikamwambia sina tabia hiyo. Akaendelea kunitazama tu. Basi nikasema: chipsi mayai, saa tatu usiku, ndani ya gari, nje ya geti langu mwenyewe, taa zimezimwa, ili wanangu wasinikute. Sikuwahi kumwambia mtu. Nikalia pale kama mtoto. Ukifika kwenye swali hilo, dada, usidanganye, maana tumbo watalikata lakini hiyo gari utarudi nayo nyumbani.

Wiki mbili za mwisho ni vimiminika tu, ili ini lisinyae wapate nafasi ya kufanya kazi. Upasuaji wenyewe ni wa matundu madogo, sina mengi ya kusimulia, nililala nikaamka. Jioni ileile walinisimamisha nitembee, damu isije ikaganda miguuni. Nilifanyiwa ile ya kukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, karibu robo tatu au zaidi, kinachobaki kinakuwa chembamba kama ndizi. Kipande kinachotolewa ndicho kinachotoa kwa wingi homoni ya njaa, ndiyo maana miezi ya mwanzo njaa huisikii kabisa. Aina nyingine wanatengeneza kimfuko kidogo juu na kuchepusha njia ya chakula. Naiita ya mchepuko, msicheke.

Hatari zipo. Mshono unaweza kuvuja, damu inaweza kuganda, ukipungua haraka unaweza kupata mawe ya nyongo. Kufa pia kupo, ingawa kwa madaktari wazoefu hakufiki hata mtu mmoja katika mia. Mume wangu naye alikataa mwanzoni. Nilidhani ananipenda bonge, kumbe aliogopa kubaki na watoto watatu. Nilimchukua twende wote kwa daktari, akauliza maswali yake yote, mengine ya aibu, na akasaini. Mpeleke wako, usimsimulie.

Sasa maisha ya baadaye, ambayo ndiyo uliyouliza hasa.

Nenda stendi kanunue vikombe viwili vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono wanavyotumia wauza kahawa. Hicho ndicho kilikuwa kipimo changu. Mwezi wa kwanza kikombe kimoja cha supu ya kuku iliyochujwa nilikinywa nusu saa. Baadaye vikaja vya kupondwa: yai, maharage yaliyochujwa maganda, samaki, mtindi. Protini kwanza, walinipa lengo la gramu 60 kwa siku, na ukijaza ndizi mwanzoni nyama haipati pa kukaa. Maji hunywi na chakula, unasubiri nusu saa. Hilo la maji lilinishinda kuliko yote, sisi tumezoea kushushia.

Mwezi wa saba nikajiona nimepona. Kulikuwa na sendofu ya binti wa jirani, ukumbi mmoja pale Sakina, nikachukua kipande cha nyama choma, kikavu, nikatafuna harakaharaka kwa sababu MC alikuwa ananiita nikatoe zawadi. Kikakwama. Si kama kukabwa, pumzi unapata, ila kifuani panakuwa kama mtu amekanyaga, na mdomo unajaa mate ya povu yasiyoisha. Nilisimama chooni dakika arobaini, nimevaa gauni la kushonesha, naegemea sinki, nasikia huko nje wanaita jina langu kwenye kipaza sauti. Kipande kilipotoka kilikuwa kidogo kama punje ya hindi. Tangu siku hiyo natafuna mpaka watu wa mezani wanaanza kuniangalia.

Nywele zilianza kutoka mwezi wa nne. Msusi wangu alinionyesha rundo mkononi akaninong'oneza, "Dada, uko salama?" Zilirudi kabla ya mwaka. Ngozi haikurudi, mikono yangu ikipunga inaendelea kupunga yenyewe.

Na maneno ya mtaani. Ukinenepa wanakwambia umependeza, ukikonda wanakutafutia ugonjwa. Mteja wangu wa miaka mingi alinishika mkono dukani akaniambia siku hizi dawa zipo, nisikate tamaa, nimeze tu. Nilicheka, lakini usiku niliumia. Wengine wanawaambia watu wote, wengine hawamwambii mtu. Mimi niliambia nyumbani tu, na kama ningerudia ningemwambia na mama mkwe mapema. Desemba ya kwanza tulipanda Marangu, akanipakulia bakuli la mtori alilopika mwenyewe tangu asubuhi, nikala vijiko vinne nikaweka chini. Akanyamaza. Kesho yake akamuuliza mwanawe, "Mama Neema ana kinyongo gani na mimi?" Mtori wenyewe ulikuwa chakula changu sahihi kabisa, laini, una nyama. Tatizo lilikuwa bakuli. Ilibidi nikae naye jikoni nimwonyeshe makovu matano ndipo akaamini. Mbege nayo angalia: nusu ya kata niliyokuwa nakunywa zamani sasa inanipandisha kichwani kabla sijakaa.

Vidonge ni vya maisha: vitamini, B12, chuma, kalisi na vitamini D, na damu inapimwa kila mwaka. Mimi nilizembea miezi mitatu, damu ikashuka nikawa naona nyota nikipanda ngazi za duka. Ukiumwa kichwa usikimbilie diklofenaki au ibuprofeni, daktari wangu alinikataza kwa sababu zinachubua tumbo. Na wewe bado una umri wa kuzaa: unatakiwa usubiri mwaka hadi mwaka na nusu kabla ya mimba, na huku mwili ukipungua mimba inashika kwa urahisi zaidi, kwa hiyo panga na daktari mapema, sio baadaye.

Nilishuka hadi 86, nikapanda tena tano. Sio kwa ugali, ugali unakataa wenyewe. Ni aiskrimu, soda na maandazi yaliyolowa chai, hivyo vinateleza hata tumbo likiwa dogo kama kidole. Na ile gari nje ya geti, nimerudi mara mbili. Safari hii chipsi nilimaliza vipande vinne tu, nikakaa na mfuko wote uliobaki mapajani.

Sukari yangu? Metformini, dawa ya sukari, niliachishwa mwezi wa sita, presha nimebaki na kidonge kimoja badala ya viwili. Na kwenye kifodi konda haniambii tena nilipie siti mbili. Hilo nilifurahia kuliko vipimo vyote, samahani madaktari.

Ningefanya tena, ndiyo. Ila hujasema kitu kimoja muhimu: una kiungulia? Mimi changu kiliongezeka baada ya kukatwa, nalala na mito miwili mpaka leo. Kama tayari kinakuamsha usiku, hii ya ndizi huenda isikufae, daktari atakuelekeza kwenye ya mchepuko. Nijibu hilo kwanza, tuendelee.