Skramu kwa timu ndogo ya Lubumbashi: anzeni na neno "imekwisha"

Skramu ni utaratibu wa timu kutengeneza bidhaa kidogo kidogo, kwa vipindi vifupi. Timu nyingi zinazosema zinafanya skramu zina kikao cha kila asubuhi na karatasi za rangi ukutani. Waulize wiki mbili zilizopita zimezaa kitu gani ambacho mteja anaweza kukitumia leo: watakuambia kiko karibu. Vikao ni rahisi kuiga. Kazi yenyewe ni kufikisha kitu kidogo mpaka mwisho, kila sprinti, yaani kila kipindi kimoja cha kazi.

Historia ni fupi. Jina limetoka kwenye raga, na watafiti wa Kijapani Takeuchi na Nonaka walilitumia kwa kazi ya timu katika makala yao ya 1986. Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliuwasilisha utaratibu wa skramu mwaka 1995, wakatoa mwongozo rasmi mwaka 2010. Toleo la 2020 halifiki kurasa 15 na ni la bure. Lisomeni kabla ya kulipia mafunzo yoyote. Mtaona humo hamna pointi za kukadiria kazi, wala michoro ya kasi ya timu. Hizo ni nyongeza za watu.

Sprinti haizidi mwezi mmoja. Kwa timu inayoanza, wiki 2 zinafaa: mkikosea, mmepoteza siku 10 za kazi tu. Timu nzima isizidi kwa kawaida watu 10, na ndani yake kuna mwenye bidhaa mmoja (anayeamua kipi kijengwe kwanza), skramu masta mmoja (anayesaidia utaratibu ufuatwe) na watengenezaji (wanaoijenga bidhaa).

Tuchukue mfano. Mama anayeuza unga soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, anawakopesha wachuuzi mifuko ya kilo 25, na madeni yote yako kwenye daftari. Mnamjengea programu ya simu. Orodha ya bidhaa, yaani orodha ya kazi zote zinazosubiri, ikianza na "moduli ya madeni" (sehemu nzima ya programu), mmeshapotea, maana hakuna anayejua moduli inaishia wapi. Andikeni hivi: "Mama anaandika deni la mteja kwa faranga au dola, bila mtandao, na jumla inatoka sawa." Hapo hapo swali linajitokeza: deni la dola likilipwa kwa faranga, tunahesabu kwa bei ya siku ya kukopa au ya siku ya kulipa? Mtengenezaji hana haki ya kubuni jibu. Mwenye bidhaa aende sokoni, amuulize mama. Swali hilo likiulizwa siku ya kwanza linachukua dakika tano. Likigunduliwa siku ya tisa, nusu ya hesabu inafumuliwa upya.

Sasa neno "imekwisha". Kaeni, mliandike ukutani kabla ya sprinti ya kwanza. Kwa programu hii lingekuwa na mambo kama haya: mtu wa pili amesoma msimbo wa programu, imejaribiwa kwenye simu ya Android ya bei ya chini, si ile nzuri ya mtengenezaji, mtandao ukikatwa katikati ya kutuma, deni halipotei wala haliandikwi mara mbili. Hilo la mwisho ndilo linaloangusha wengi. Mtandao ukirudi, simu inatuma tena, seva (kompyuta kuu inayotunza madeni) inapokea kama deni jipya, na mchuuzi anaambiwa anadaiwa mifuko sita badala ya mitatu. Dawa yake: simu yenyewe iweke namba ya pekee kwa kila deni tangu linapoandikwa, ili seva itambue kwamba namba hii imeshaiona.

Kitu ambacho hakijatimiza masharti hayo siku ya mwisho kinarudi kwenye orodha na hakihesabiwi. "Asilimia 90" haipo kwenye skramu.

Kupanga sprinti kuna kikomo cha saa 8 kwa sprinti ya mwezi. Kwa wiki 2, saa 4 zinatosha. Tokeni humo na lengo moja la sentensi moja. Sprinti ya kwanza chukueni nusu ya mnachodhani mnaweza, na muhesabu saa za umeme, si saa za kukaa ofisini. Ubao wa karatasi unaishinda programu yoyote siku umeme umekatika na mega za intaneti zimeisha.

Kikao cha kila siku ni dakika 15, saa ileile, mahali palepale. Tazameni watu wanamwangalia nani wakizungumza. Wote wakimgeukia patroni, yaani bosi, hicho ni kikao cha kutoa ripoti, na matatizo yatafichwa. Watengenezaji wasemezane wao kwa wao: lengo bado linafikika? Nani amekwama? Maelezo marefu yaendelee baadaye kati ya wawili wanaohusika.

Ugonjwa wa kwetu uko kwa mwenye bidhaa. Patroni anajipa cheo hicho, kisha yuko Kasumbalesa, mpakani na Zambia, siku nne na majibu yanakuja kwa sauti za WhatsApp usiku. Ni afadhali ampe mtu mwingine, lakini ampe na mamlaka ya kukataa. Akiwa wa kupokea ujumbe tu, kila mteja anayepiga simu atachomeka kazi yake katikati ya sprinti. Kazi mpya iandikwe kwenye orodha, isubiri. Ikilazimika kuingia, mwenye bidhaa na watengenezaji wakubaliane nini kinatoka, na lengo lisiguswe. Lengo lenyewe likipoteza maana, mwenye bidhaa peke yake ndiye anayeweza kuvunja sprinti.

Siku ya kuonyesha kazi, acheni picha za projekta. Mpeni mama simu, mumwambie aandike deni la mifuko mitatu, kisha mnyamaze. Anapositasita ndipo kazi ya sprinti ijayo ilipo. Baada yake timu ijitathmini yenyewe, saa moja na nusu zinatosha, na ichague badiliko moja tu, lenye mtu na siku. "Tuboreshe mawasiliano" si badiliko. "Kuanzia Jumatatu, simu ya majaribio inachajiwa kila jioni na anayefunga mlango" ni badiliko.