Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Buluu Huchakaa Mapema Katika Skrini za OLED?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi simu hapa Kampala. Naletewa simu zenye skrini za OLED ambazo alama ya betri imeganda juu ya kioo, na nyingine ambazo weupe umegeuka kuwa manjano. Nasikia kwamba viwanda vinatafuta molekuli mpya za kuondoa kasoro hiyo. Molekuli zinahusikaje?

JIBU: Ndugu fundi, zinahusika moja kwa moja, kwa sababu skrini ya OLED haina taa ya nyuma na mwanga wote hutoka kwenye molekuli zenyewe. Kila nukta imeundwa kwa tabaka nyembamba za molekuli za kaboni, ambazo unene wake kwa jumla ni nanomita mia chache tu (nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita). Umeme unapopita, elektroni zinazotoka upande mmoja hukutana na matundu, yaani nafasi zilizoachwa wazi na elektroni, yanayotoka upande wa pili, na nishati ya mkutano huo hugeuka mwanga. Nukta zinazowaka mahali pale pale kila siku, kama zile za alama ya betri, huchakaa kabla ya nyingine, na za buluu hutangulia zote. Buluu inapofifia, weupe hubaki na umanjano.

Watafiti Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak, Marekani, walieleza mwaka 1987 kifaa cha tabaka mbili kilichotoa mwanga wa kijani kwa volti zisizofika 10. Molekuli za aina ile zilikuwa na kikomo kikubwa: kati ya kila majozi 4 ya elektroni na tundu, 1 huingia katika hali ya singleti, ambayo hutoa mwanga papo hapo, na 3 huingia katika hali ya tripleti, ambazo kwa kawaida nishati yake hupotea kama joto. Mwaka 1998 kundi la Stephen Forrest na Mark Thompson lilionyesha kwamba molekuli yenye atomu ya platini huziwezesha tripleti nazo kuwaka. Baadaye ikaja iridiamu, ambayo ndiyo inayotumika katika nukta nyingi za kijani na nyekundu, ingawa ni metali adimu sana. Mwaka 2012 kundi la Chihaya Adachi wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, lilipata matokeo makubwa bila metali yoyote, kwa kuunda molekuli ambazo pengo la nishati kati ya tripleti na singleti ni dogo kiasi kwamba joto la kawaida la chumbani linatosha kuivusha tripleti ikawa singleti.

Buluu ndiyo iliyokaidi. Mwanga wake una nishati kubwa, karibu elektroni-volti 2.7 (kipimo cha nishati ya chembe ndogo), na tripleti hudumu muda mrefu kabla ya kuwaka. Tripleti mbili zikikutana, moja huweza kubeba nishati ya zote, ambayo inatosha kuvunja vifungo vya kikemia kati ya kaboni na naitrojeni, na vipande vilivyovunjika hunyonya nishati ya molekuli jirani ambazo bado ni nzima. Kwa maoni yangu, molekuli ya buluu inayosifiwa kwa ung'avu bila kutajwa inadumu saa ngapi haijatatua tatizo lako.

Zipo njia zenye matumaini. Takuji Hatakeyama na wenzake walitangaza mwaka 2016 molekuli zinazopanga boroni na naitrojeni katika muundo mgumu usiotikisika, zikatoa buluu safi isiyohitaji kuchujwa sana. Wengine hubadilisha haidrojeni kwa deuteri, yaani haidrojeni nzito, ambayo uzito wake ni takriban maradufu, ili vifungo vyake vivunjike kwa shida zaidi.

Kwa sasa, waambie wateja wako wapunguze ung'avu, kwa kuwa ukiongezwa maradufu uhai wa nukta hupungua zaidi ya nusu, na wasiache simu juani. Kioo kilichopasuka kisicheleweshwe: unyevu na hewa vikiingia huua tabaka hizo, na ndiyo sababu unaona doa jeusi linalozidi kupanuka.

SWALI: Ninasoma kemia mjini Mbale. Je, utafiti huu unawezekana Uganda bila mitambo ya gharama kubwa?

JIBU: Kutengeneza kifaa kamili kunahitaji mtambo wa ombwe na kisanduku cha naitrojeni kisichopitisha oksijeni wala unyevu, na hivyo ni ghali. Hata hivyo, nusu ya kwanza ya kazi ni kubuni molekuli na kukokotoa pengo kati ya singleti na tripleti, jambo linalofanyika kwa kompyuta nzuri na programu zinazotolewa bure kwa wanafunzi na watafiti. Anza na molekuli ya Adachi ya mwaka 2012, kwa kuwa vipimo vyake vimechapishwa: hesabu yako ikikaribiana navyo, badilisha kikundi kimoja tu cha atomu kila mara, uangalie pengo linakwenda wapi.